Gari Kongwe na Dhamana Yake

Mji wetu wa Likasi umekaa juu ya barabara ya taifa namba 1 ya Kongo, baina ya Lubumbashi, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 120, na Kolwezi, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 180. Na msafiri ambaye haja zake zote ziko katika miji hiyo miwili aweza kuishi umri wake wote bila ya kuhitaji gari lenye nguvu kuliko lile dogo la kupita juu ya lami. Walakini walio wengi miongoni mwetu haja zao haziishii penye lami. Mwenye shamba kando ya mto Lufira, mwenye jamaa Bunkeya, na mfanyabiashara anayefuata njia ya Mitwaba, wote hao wajua kwamba tangu mvua za Novemba zianzapo mpaka zikatike Aprili, udongo mwekundu wa nchi hii hugeuka utelezi na mashimo, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hulala njiani pamoja na mwenyewe. Ndiyo sababu jeep, kama tunavyoliita huku kila gari la namna hiyo liwe limetoka kiwanda gani, limekuwa chombo cha kutafutia riziki. Na kwa kuwa bei ya jeep jipya haifikiwi na mwalimu, wala muuguzi, wala mwenye duka la wastani, hao wote hununua lililokwisha kutumika, ambalo saa yake ya umbali yasoma kilomita 200,000, au 300,000, au zaidi.

Swali linaloulizwa kila siku ni kama gari lililokwenda umbali huo laweza kuaminiwa kwa miaka kumi mingine. Jawabu langu ni kwamba laweza, na ya kwamba mengi yameaminiwa na hayakuvunja ahadi; lakini imani hiyo yataka msingi mwingine kuliko tarakimu za dashibodi, au mng'aro wa rangi, au jina la kiwanda. Msingi wake ni malezi: nani alilitunza gari, alilitunza vipi, na je, wewe mnunuzi pamoja na mafundi wa mji wako mwaweza kuendeleza utunzaji huo kwa mafuta, vipuri na barabara mlizo nazo? Mwenye kuyajibu maswali hayo matatu kwa ushahidi anajua anachokinunua, na asiyeyajibu anacheza kamari.

Kwanza na ifahamike kwamba umbali peke yake si maradhi. Chuma cha injini hakisagiki kwa kuzunguka tu, maadamu baina ya chuma na chuma pana utando wa mafuta safi. Husagwa na vumbi lililopenya chujio, na mafuta yaliyozeeka, na joto lililopita kiasi, na kuwashwa mara kwa mara injini ingali baridi, kabla mafuta hayajapanda mahali pake. Kwa hiyo gari lililokwenda kilomita 300,000 katika safari ndefu za barabara kuu, likabadilishwa mafuta kwa wakati wake, laweza kuwa na afya kuliko lililokwenda 120,000 katika vumbi la mjini, likiwashwa na kuzimwa mchana kutwa, na mwenyewe akingoja mafuta yawe mazito na meusi ndipo ayamwage.

Ili kuyajua malezi ya gari, yafaa kuijua njia iliyolileta, kwa maana kila njia ina ila zake. Mengi ya magari yetu hutoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, yakapita Tunduma na kuikata Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, mwendo wa karibu kilomita 2,000 tangu pwani. Mengine hupita bandari ya Durban. Haya aghalabu yametembea barabara nzuri na kupita ukaguzi wa lazima wa nchi yao, lakini usukani wake uko kulia, kwa sababu Japani, Zambia na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, ilhali sisi wa Kongo twaendesha upande wa kulia. Barabara yetu imejaa malori marefu yanayochukua madini na tindikali ya viwandani, na dereva aliyeketi upande wa kulia hulazimika kulitoa karibu gari zima katika njia ya wanaokuja kabla hajaona mbele ya lori. Wapo wanaoondoa taabu hiyo kwa kuuhamisha usukani. Kazi hiyo ikifanywa kwa sanduku la usukani la asili, lililotengenezwa na kiwanda kwa magari ya upande huo, likafungwa mahali pake palipoandaliwa kwenye chesisi, ni kazi halali. Ikifanywa kwa kukata na kuchomelea mhimili wa usukani, na kuiunga pedali ya breki kwa ufito unaovuka kutoka upande hata upande, ni kuuza mauti. Mnunuzi na ainame chini ya dashibodi na chini ya gari akiwa na taa mkononi, na akiona alama ya kuchomelea mahali hapo aage kwa adabu aende zake, bei iwe nafuu kiasi gani.

Njia ya pili ni ya Ulaya, hasa kupitia bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji. Usukani wa magari hayo uko mahali pake, lakini yameishi katika nchi ambamo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo huila chesisi kutoka ndani, mahali ambapo rangi mpya ya nje haionyeshi kitu. Fauka ya hayo, magari ya dizeli, ambayo huku twaiita mazutu, yaliyotengenezwa Ulaya katika miaka ya karibuni, yana chujio cha masizi ndani ya bomba la moshi, nacho chataka mazutu yenye salfa ndogo mno. Kikiyapata yenye salfa nyingi, huziba, injini hukosa pumzi, na mwenyewe huambiwa akitoboe au akikate. Na tangu siku hiyo gari huwa na maarifa ya umeme yasiyopatana tena na mwili wake.

Njia ya tatu iko hapa hapa kwetu: magari yaliyotumiwa na migodi na makampuni yake, na yale ya mashirika ya misaada na Umoja wa Mataifa, ambayo huuzwa yakiisha muda wake wa kazi. Katika haya msomaji awe na mizani miwili. Gari la mgodi huenda likawa na kilomita chache za kupendeza macho, lakini limesimama saa nyingi injini ikinguruma, dereva akingoja zamu au akitaka ubaridi wa kiyoyozi. Na saa hizo, ambazo saa ya umbali haizihesabu, injini yazihesabu zote. Limepita pia katika vumbi la mashimo na katika unyevu wa viwanda vya tindikali, unaokula nyaya na viungo vya umeme. Gari la shirika, kwa upande wake, laweza kuwa limekwenda kilomita nyingi zaidi na barabara mbaya zaidi, lakini mara nyingi lina daftari la safari na la matengenezo, lililotiwa sahihi kila mafuta yalipobadilishwa. Mimi ningechagua la pili kuliko la kwanza, hata kama saa yake yasoma mara mbili, kwa kuwa wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mintarafu ya saa yenyewe, msomaji mwema, ichukulie kuwa shahidi dhaifu. Ya zamani, yenye magurudumu madogo ya tarakimu, ilirudishwa nyuma kwa bisibisi. Ya sasa hurudishwa kwa kompyuta ndogo ya mkononi, katika muda usiotosha kunywa chai. Mashahidi walio wagumu kuhongwa ni wengine. Tazama mpira wa pedali ya breki na ya klachi: ukiwa umelika hadi chuma kwenye gari linalosema kilomita 90,000, saa imesema uongo, na ukiwa mpya kabisa kwenye gari la miaka kumi na mitano, uliza kwa nini ulibadilishwa. Tazama ukingo wa kiti cha dereva, duara la usukani, na kitambaa cha mkanda wa usalama ulipokunjuka wote. Kila tairi ina tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa kwake, na kila kioo kina alama ya kiwanda chake. Vioo vyote vikiafikiana isipokuwa kimoja, huenda pana ajali iliyofichwa upande ule. Linganisha nambari ya fremu iliyopigwa muhuri kwenye chesisi na ile ya kibao cha ndani ya chumba cha injini, kisha na zile za karatasi. Mahali palipokwaruzwa au kupakwa rangi nzito juu ya nambari ni mahali pa kusita.

Baada ya mashahidi wa nje, mhoji injini yenyewe, na saa ya kuihoji ni asubuhi, kabla haijawashwa na mtu. Ukiikuta imekwisha kupashwa moto, rudi kesho, kwa sababu injini ya moto husitiri aibu ambazo ya baridi haiwezi kuzisitiri. Fungua mfuniko wa rejeta ingali baridi: maji yawe na rangi ya dawa yake, yasiwe na kutu wala utando wa mafuta. Chomoa kijiti cha mafuta, kisha tazama chini ya kifuniko cha kujazia: uji mweupe mfano wa maziwa ni maji yaliyoingia katika mafuta. Kisha iwashwe, nawe simama nyuma penye bomba la moshi. Moshi wa buluu usiokoma ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweusi ni mazutu yaliyozidi au hewa iliyopungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikapata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda, au nozeli zisizopuliza sawasawa. Ikiwa ingali inanguruma, legeza kifuniko cha kujazia mafuta: pumzi hafifu ni ya kawaida, lakini ikiwa moshi watoka kwa kishindo na kukirusha kifuniko, basi ringi za pistoni zimechoka. Mwisho, liendeshe gari mwendo wa saa nzima, upande mlima, ulisimamishe, na ulibane bomba la juu la rejeta siku ya pili asubuhi. Likiwa gumu kwa mgandamizo ilhali injini imelala usiku kucha, kichwa cha silinda kina ufa au gasketi yake imeungua.

Na iangaliwe hapa tofauti ya nchi yetu. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kidogo hata ikiwa nzima. Uzito wake katika mlima usihesabiwe kuwa ugonjwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo maji matupu huchemka kabla ya kufika digrii 100, na kinachoyazuia yasichemke ni dawa ya rejeta pamoja na mfuniko wake unaoshika mgandamizo. Mfuniko huo, ulio kipuri rahisi kupita karibu vyote, ukilegea umeua injini za thamani ya gari zima.

Migodi yetu ina maarifa ambayo raia wa kawaida hajayaazima bado. Mafuta yanayomwagwa kutoka katika mitambo yake mikubwa hupelekwa maabara, yakapimwa kama tabibu apimavyo damu: chuma kikizidi, silinda zasagika; silikoni ikizidi, vumbi limepita chujio; sodiamu ikizidi, maji ya rejeta yameingia; na shaba ikizidi, beringi za ndani zinakwisha. Mtu anayekusudia kutoa akiba ya miaka yake kwa ajili ya gari moja, akiweza kupata kipimo hicho, asikose kukilipia. Na asipoweza, fundi mwenye kipima mgandamizo wa silinda atamwambia jambo lililo karibu nalo, maana silinda moja ikiwa chini sana kuliko jirani zake, hakuna mazungumzo matamu yatakayoipandisha.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa injini, ambao naona ndio moyo wa jambo. Toyota Land Cruiser ilipozaliwa mwaka 1951 iliitwa Toyota Jeep BJ, ikapewa jina lake la sasa mwaka 1954, na ile aina ya 70, iliyotoka mwaka 1984, yatengenezwa hata leo. Injini yake ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, iliyoanza mwaka 1990, haina turbo wala kompyuta ya kupuliza mazutu. Ni nzito na polepole, lakini huvumilia mazutu yasiyo bora, na fundi aweza kuifungua kwa vifaa vya mkono. Sharti lake kuu ni mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, kwani ukikatika, vali na pistoni hugongana. Taa ya dashibodi inayokumbusha jambo hilo huzimwa kwa urahisi bila ya mkanda kuguswa. Kwa hiyo usiulize kama ulibadilishwa, omba kuonyeshwa risiti, na isipokuwapo ubadilishe mwenyewe juma lile lile.

Injini ya 1KZ-TE ya lita 3.0, iliyo katika Prado za miaka ya 1990, ni nzuri mpaka siku itakapopata joto kupita kiasi. Siku hiyo kichwa chake cha silinda hupasuka, na ni vichache vilivyopasuka vikatengenezeka vema. Iliyoifuata, 1KD-FTV, ina nguvu zaidi na hutumia mazutu kidogo, lakini huyasukuma kwa mgandamizo unaopita bari 1,300, na nozeli zake haziwezi kustahimili maji wala uchafu. Pete za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi hushuka ndani ya mafuta, yakaziba kichujio cha pampu, na injini ikafa kwa ukavu huku bakuli la mafuta ya injini limejaa. Kwa wenye Nissan Patrol, TD42 ya lita 4.2, ambayo taimingi yake ni ya gia na haina mkanda, ni ya kutegemewa. ZD30 ya lita 3.0 katika miaka yake ya mwanzo ilijulikana kwa kuunguza pistoni. Na wanaotaka gari jepesi kama RAV4 au Harrier yenye injini ya petroli ya 2AZ-FE wajue kwamba baadhi yake hula mafuta, na baadhi nyuzi za boliti zinazokishika kichwa cha silinda hung'oka ndani ya bloku, maji yakavuja upande wa nyuma ambako jicho halifiki upesi.

Siyasemi haya ili kukipendelea kiwanda chochote. Nayasema kwa kuwa uthabiti wa gari hautoki kiwandani peke yake, bali hukamilishwa na mahali linapoishi. Likasi ina bahati ambayo miji mingi haina: tangu enzi ilipoitwa Jadotville, chini ya makampuni ya madini, Union Minière na baadaye Gécamines, karakana za Panda zimefunza vizazi vya mafundi wa kuchonga, kuchomelea na kupima chuma, na maarifa hayo yameshuka kutoka baba hadi mwana katika garaji za mitaani. Mji wenye mikono ya namna hiyo huliweka gari la chuma na gia kwa miaka mingi; lakini gari ambalo ugonjwa wake husomwa na kompyuta ya kiwanda tu, mikono hiyo haina la kulifanyia. Kabla ya kununua, mwendee fundi utakayemkabidhi gari, umwulize ni injini gani aliyoifungua na kuifunga ikanguruma tena, kisha uwaulize wauza vipuri wa Lubumbashi ni vipi vilivyo rafuni mwao leo. Majibu ya hao wawili yana thamani kuliko sifa zote za muuzaji.

Na fedha je? Mtu mwenye akiba ya kununua gari asiitumie yote siku ya kununua. Na aweke kando kama robo yake kwa ajili ya miezi ya mwanzo, na ikiwa hiyo robo haibaki, anunue gari la chini yake. Wiki ya kwanza abadilishe mafuta ya injini, ya giaboksi, ya sanduku la kugawa nguvu na ya difu zote mbili, machujio yote, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na mikanda. Achunguze bushi, boljointi na tairodi, ambazo mashimo yetu huzila upesi. Tangu hapo ayabadilishe mafuta ya injini kila kilomita 5,000, kwa sababu vumbi la kiangazi na mazutu yetu hayaruhusu safari ndefu zaidi. Mwezi wa Mei mpaka Oktoba chujio la hewa likaguliwe kila juma, na mvua zikianza, pumuo za difu zitazamwe kabla ya kuvuka maji. Achague vipuri kwa macho mawili, maana chujio bandia hufanana na halisi mpaka likatwe, na ndani yake huonekana karatasi chache zisizozuia hata mchanga. Yote yaandikwe katika daftari: tarehe, kilomita, kilichofanywa, na jina la fundi.

Karatasi nazo ni sehemu ya uthabiti, kwa kuwa gari lililokamatwa halina faida hata likiwa zima. Magari ya wizi huvuka mipaka ya kusini mwa Afrika, na mwenye kuyanunua hupoteza fedha na gari kwa pamoja. Hati ya forodha ya DGDA, carte rose, yaani kadi ya usajili wa gari, na mkataba wa mauziano ziwe na nambari moja ya fremu, herufi kwa herufi, na jina la muuzaji liwe ndilo lililo katika hati. Akisema gari ni la ndugu yake aliye safarini, ngoja ndugu yake arudi.

Hukumu yangu basi ni hii. Jeep la kilomita 300,000 lenye injini inayojulikana na mafundi wetu, chesisi isiyoliwa na kutu, usukani usiochomelewa, daftari linalosomeka na karatasi zinazoafikiana, ni mali ya kuaminiwa, na litamtumikia mwenyewe hadi watoto wake wajue kuendesha. Lile la kilomita 90,000 lisilo na daftari, lililopakwa rangi juzi na kupashwa moto kabla hujafika, ni deni lililovikwa sura ya mali. Nawasihi wanunuzi wa Likasi, na hasa vijana wanaonunua gari lao la kwanza, wampeleke fundi wao wenyewe penye gari, wamlipe ujira wake hata akiwaambia wasinunue, na siku watakapouza wao, wamkabidhi mnunuzi daftari lao pamoja na ufunguo. Tukiifanya desturi hiyo kuwa ya mji mzima, gari lisilo na daftari halitapata bei Likasi, na mwenye kulitunza lake vema atalipwa haki yake.